Ukuta wa Udongo Nyuma ya Nyumba ya Mama

Nambis, Mbulu
14 Julai 2024

Kwako mdogo wangu Renatus,

Pokea salamu za nyumbani. Mama hajambo, ila baridi ya mwezi huu imemkamata magoti, anatembea akishika ukuta. Mahindi tumevuna. Maharage yalipigwa na ukungu, tumepata ya kula tu. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike na Mama anampenda kuliko anavyotupenda sisi. Msalimie wifi yangu Irene na watoto.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu huzungumziki. Nikianza tu kusema jambo usilolipenda, mtandao wa huko kwako Gendabi unakatika, halafu jioni unarudi kwa ajili ya mpira. Barua haikatiki. Nimempa kondakta wa basi la Katesh na nimemwambia akukabidhi mkononi, asiiache dukani kwa watu.

Jambo lenyewe ni kijiko, hilo tingatinga la kuchimbia ulilolileta hapa. Ulisema unamjengea Mama nyumba ya tofali na bati, tukashukuru, Mama akaomba wanajumuiya wakuombee. Ulisema dereva wake, Onesphory, atasawazisha kiwanja kidogo nyuma ya nyumba ya zamani. Huyo Onesphory wako anaula mlima kama ng'ombe aliyeingia kwenye ngano. Amekata mpaka ukuta wa udongo mbichi umesimama nyuma ya nyumba, mrefu mara mbili ya paa. Mama akitoka mlango wa jikoni anakutana nao uso kwa uso. Kuku hawajui tena waende wapi.

Nimemuuliza mtendaji wa kijiji kama ameona kibali cha halmashauri cha kuchimba. Hajaona. Sasa nakuuliza wewe. Kibali kiko wapi? Na nyumba gani ya bibi mmoja inahitaji kiwanja cha kuchezea mpira?

Nijibu kwa karatasi.

Dada yako,
Fabiola


Gendabi, Hanang
4 Agosti 2024

Dada Fabiola, shikamoo. Mwambie na Mama shikamoo yangu.

Huku hatujambo. Irene anakusalimu, watoto wanasoma. Alizeti imekubali mwaka huu. Ng'ombe wa jirani yangu Gidamis waliingia shambani wakala mistari kadhaa, tukakaa chini, akanipa mbuzi, yakaisha. Huku ndivyo tunavyoishi, mfugaji na mkulima wanasikilizana. Nashangaa huko nyumbani ndugu kwa ndugu tunaulizana vibali.

Dada, wewe una moyo wa mahakama. Sisi tumechimba mlima tangu lini? Nyumba aliyozaliwa baba mgongo wake wote ulikuwa ndani ya mlima. Wewe mwenyewe ulinisimulia jinsi mbuzi walivyokuwa wakipanda juu ya paa wakidhani ni malisho. Babu aliuchimba mlima kwa jembe, baba akauchimba kwa sururu, mimi nauchimba kwa kijiko. Nani alimdai babu kibali? Au mlima umekuwa wa halmashauri kwa sababu mimi nimeshika usukani?

Mwenyekiti wa kitongoji ana habari. Kibali ni karatasi, na karatasi itakuja. Usimtie Mama hofu. Hivi sasa mnaniita mwehu, Krismasi mtakuwa mnateleza kwenye vigae.

Kuhusu ukubwa wa kiwanja, ni vizuri nyumba kuwa na nafasi.

Mdogo wako,
Renatus


Nambis
27 Agosti 2024

Kwako Renatus,

Mama anakusalimu. Magoti yamepata nafuu kidogo kwa jua. Evaline wangu amepata nafasi ya ualimu Haydom na tumemfanyia sala. Hayo ndiyo mazuri ya nyumbani, yameishia hapo.

Umemtaja babu, na mimi nakujibu kwa babu, maana wewe ulizaliwa akiwa ameshazikwa na unamtumia kama mtu anavyotumia koti la kuazima. Ni kweli babu alichimba. Alichimba kimo chake, hakuzidisha, halafu akaiingiza nyumba ndani ya lile shimo mpaka mgongo wa nyumba ukaubana mlima. Magogo ya nyumba ndiyo yaliyoshika udongo. Juu alichimba mfereji wa kupeleka maji pembeni, na majani ya pale juu hakuna mbuzi aliyeruhusiwa kuyagusa. Babu hakuacha shimo wazi hata msimu mmoja. Wewe umeufungua mlima tumbo na umeuacha hivyo hivyo, hakuna nguzo, hakuna jiwe, hakuna nyumba. Halafu unasema mmefanya kazi moja!

La pili. Kama unajenga, mbona udongo unaondoka? Matipa yanapanda hapa asubuhi mpaka jioni. Yanashuka yamejaa, yanarudi matupu. Vumbi limeingia mpaka kwenye unga. Nilimuuliza Onesphory, "Udongo huu unakwenda wapi?" Akanijibu bila kuniangalia, "Mama, mimi nachimba tu. Muulize bosi." Nakuuliza bosi.

Mzee Margwe naye alikuja. Unajua shamba lake liko juu yetu, na uzio wake wa minyaa ndio mpaka tangu enzi za baba. Alisimama uani kofia mkononi, akasema, "Fabiola, mimi sitaki ugomvi na mtoto wa nyumba hii. Lakini njoo uone." Nilipanda. Renatus, ile minyaa inaning'inia hewani. Mizizi iko nje kama nywele. Udongo chini yake umekwenda kwenye tipa. Niliona aibu, nikamwomba radhi kwa niaba yako, na sikupenda kuomba radhi kwa niaba yako.

Kisima kikichimbwa na mjinga, mjinga huyo ndiye huwa wa kwanza kuingia. Lakini hapa anayelala karibu na shimo ni Mama, wewe uko Gendabi.

Fabiola


Gendabi
19 Septemba 2024

Fabiola,

Nimepigiwa simu na Onesphory. Watu wa halmashauri wamekuja nyumbani kwetu na gari lao, wamechukua funguo za kijiko na wameandika SIMAMISHA kwa rangi nyekundu kwenye jiwe la baba, lile alilokuwa akinolea panga. Kwenye jiwe la baba! Matipa yamerudishwa njiani mbele za watu. Mimi nimeitwa Mbulu kujieleza kama mwizi wa kuku.

Kuna mtu amepeleka jina langu. Watu wa ofisini hawaamki tu wakapanda Nambis kutafuta mashimo. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi najua nguo yenyewe. Ni Margwe. Hakupata kumpenda baba na sasa anamalizia kwangu. Kofia mkononi, eti hataki ugomvi!

Sikia ninachosema. Ng'ombe wa Margwe wasipite tena kwenye njia yetu kwenda majini. Kata miiba uifunge leo. Nimeshawaambia na vijana wa pale. Na huyo aliyenipeleka halmashauri, awe Margwe au awe mwingine yeyote, mimi na yeye tumemalizana. Sitakula kwake, hatakula kwangu. Akifa sitatia udongo kwenye kaburi lake. Nimeapa mbele ya Irene.

Kama unamjua, taja jina.

Renatus


Nambis
8 Oktoba 2024

Renatus,

Nimeitafuta shikamoo kwenye barua yako, nikageuza na nyuma ya karatasi. Haipo. Wala hukuuliza Mama anaendeleaje. Anaendelea. Anakohoa.

Njia sijaifunga na sitaifunga. Ng'ombe wa Margwe walipita hapo kabla wewe hujaota meno. Vijana wako walikuja na miiba, Mama akatoka na fimbo yake akaketi katikati ya njia. Wakaondoka. Si Margwe aliyekushitaki. Namtaja Bikira Maria, si Margwe. Ni nani, sikuambii. Nimekatazwa.

Sasa nakueleza kilichofanyika, kwa sababu kwenye wito wa Mbulu hukuja. Mkaguzi wa ujenzi wa halmashauri ni dada mmoja anaitwa Judica. Alipima, akapiga picha, akanywa chai ya Mama bila dharau. Alisema hivi. Kusawazisha kiwanja cha nyumba kuna kibali chake. Kuchimba moramu ya kuuza, huo udongo wa kushindilia barabara, kuna kibali kingine. Wewe huna hata kimoja. Maana sasa tumejua, Renatus. Mlima wa nyuma ya nyumba ya Mama umelala kwenye barabara mpya, umeshindiliwa, magari yanapita juu yake. Hukuja kujenga. Ulikuja kuchimba moramu, na nyumba ya Mama ulimtupia machoni kama vumbi. Na wanajumuiya walikuombea! Nikikutana nao kanisani natazama chini.

Hasira hii sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, hata kwa mume wangu aliyeniacha.

Judica ametoa amri. Huo ukuta ukatwe kwa ngazi, usisimame wima. Juu uchimbwe mfereji wa kukinga maji. Chini lijengwe ukuta wa mawe. Yote hayo kabla ya mvua, na ni juu yako. Kijiko utaruhusiwa kukitumia kwa kazi hiyo tu, yeye akiwepo. Ametaka usaini. Anakusubiri mpaka leo.

Na nitasema jambo ambalo nimelinyamazia miezi yote hii. Wewe unaishi chini ya mlima Hanang. Desemba iliyopita mlima uliposhuka na matope, ulinipigia simu unalia mpaka sikuelewa maneno. Ulisema ulikuwa unachimba watu kwa mikono. Wewe! Kati ya watu wote wa mkoa huu, mtu wa kumwambia udongo unaweza kushuka ni wewe?

Mawingu yameanza kukusanyika upande wa bonde. Njoo.

Fabiola


Gendabi
2 Novemba 2024

Dada, shikamoo. Shikamoo yangu na kwa Mama.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nimeandika majibu nikayachana.

Hujui ile Desemba ilichukua nini kwangu. Niliwaambia nyumbani kwamba duka liliingia maji. Duka halikuingia maji, dada. Duka halipo. Stoo haipo, magunia yote ya alizeti, mashine ya kukamua, hakuna. Palipokuwa na mlango pana jiwe ukubwa wa trekta. Irene mpaka leo mvua ikinyesha anawaamsha watoto, anawavalisha viatu na kukaa nao sebuleni. Mama aliniuliza kwenye simu kama tuko salama, nikasema tuko salama, kwa sababu mimi ndiye mtoto aliyefanikiwa. Huyo ndiye anayeuza moramu. Sasa umejua.

Nyumba ningeijenga. Ningemaliza kwanza hilo la barabara, halafu ningejenga. Hukuniamini tangu mwanzo.

Kuhusu amri ya huyo mkaguzi, kusaini ni kukubali kosa. Kuna mtu Mbulu nimeambiwa anaweza kulilainisha hili jambo, naendelea kumtafuta. Redio imesema mvua za mwaka huu zitachelewa. Masika yakipita nitaleta mawe. Kwa sasa mlete Mama huku, natuma gari Jumatano.

Na wewe acha kumfichia Margwe. Usinitajie tena Hanang.

Renatus


Nambis
1 Desemba 2024

Renatus,

Mama yu hai. Nimeanza na hilo ili uweze kusoma yanayofuata.

Gari lako lilikuja ile Jumatano likaondoka tupu, kama dereva alivyokueleza. Mama alisema hawezi kukimbia nyumba yake kwa sababu ya shimo la mwanawe, mwenye shimo ndiye aje. Tukakungoja. Mvua haikungoja wewe wala redio yako. Ilinyesha tangu Alhamisi, ile mvua nyembamba ya kwetu isiyokuwa na kelele. Jumapili nilikwenda kanisani, Mama akabaki kwa ajili ya magoti.

Margwe alikuwa shambani kwake akiangalia uzio. Aliona ardhi imepasuka nyuma ya minyaa, ufa wa kuingia mguu. Hakuita mtu. Alishuka mbio, mzee yule, akaingia ndani, akambeba Mama mgongoni. Mama alimpiga fimbo ya kichwa, akidhani amerukwa na akili, akimwambia amrudishe akachukue shuka lake. Walikuwa wamefika kwenye njia ya ng'ombe, ile uliyotaka ifungwe, wakati mlima uliposhuka. Margwe anasema haukulia sana. Ulikaa tu chini, kama mtu aliyechoka.

Nyumba haipo. Jiko halipo. Ndama wa yule mwekundu alikuwa amefungwa nyuma, tulimsikia kwa muda, kisha hatukumsikia. Jiwe la baba lenye rangi nyekundu tumelikuta chini kabisa karibu na kijito.

Nilipofika kutoka kanisani niliona udongo tu, na nikaanza kuchimba kwa mikono nikiita Mama. Nilichimba nikikulaani, Renatus. Nakuambia ili ujue. Nilikulaani kwa jina lako la ubatizo na kwa jina la baba, mpaka mtu akanishika mabega akaniambia Mama yuko kwa Margwe anakunywa uji. Laana yenyewe sijui imekwenda wapi. Kama iko kwako, itabidi tukae na wazee tuiondoe, maana sitaki ikae. Lakini siyo leo.

Yuko kwa Margwe mpaka sasa. Amelala kitandani kwa mke wa Margwe, anakunywa maziwa ya ng'ombe wale wale.

Uliniuliza nani. Mama ameniruhusu nikujibu.

Ni yeye. Mwezi wa tisa, mwanzoni, aliniambia nivae viatu, tunakwenda ofisi ya kata. Nilimwambia magoti hayatafika. Akasema yatafika. Tulikwenda tukipumzika kila penye jiwe. Mtendaji wa kata alipouliza shida ni nini, Mama alisema kwa Kiiraqw, na mimi nikatafsiri, kwa sababu ndiyo kazi yangu tangu nilipoanza shule. Mtendaji akauliza, "Mnamlalamikia nani?" Mama akataja jina lako lote, na la baba, na la babu. Mtendaji akaweka kalamu chini, akasema, "Bibi, huyu si mwanao?" Mama akamjibu maneno ambayo sikutaka kuyatafsiri, lakini alinitazama mpaka nikayatafsiri. Alisema, "Ni wangu. Atauangusha huo mlima, na utaua mtu. Sitaki mwanangu awe muuaji. Mzuieni."

Alikwenda kukuokoa wewe. Nyumba hakuitaja.

Akanikataza nisiseme. Alisema ukijua utaona aibu. Ndipo barua yako ikaja, nikamsomea yote, nimezoea kumsomea yote. Nilipofika kwenye kaburi na udongo nilinyamaza, akasema, "Endelea." Nikaendelea. Nilipomaliza alikwenda kumkamua mwekundu. Hicho kiapo chako utajua mwenyewe utakitapika wapi.

Nilisikia pia ulichoandika kuhusu duka. Nililia, na sikutaka kulia. Ungesema, Renatus. Tungeuza ng'ombe, tungekuja na majembe, watu wa Nambis wangeshuka Gendabi wakaondoa lile jiwe mlangoni kwako. Uliona heri kutuuzia mlima kuliko kutuambia umeanguka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko nyumba.

Sasa la mwisho. Margwe amempa Mama kipande kwake, upande ule wenye mwamba. Judica alikuja mwenyewe na kamba, akapima, akasema mwisho wa kuchimba ni hapa, na kibali akakileta kabla hatujashika jembe. Jana kila nyumba ya jirani ilileta mtu wa kuchimba. Wanawake walipika, na pombe ilikuwepo.

Unajua desturi ya kwetu. Kiwanja cha nyumba ya mzazi, jembe la kwanza hupigwa na mtoto wa mwisho wa kiume. La nyumba ile iliyofukiwa ulipiga wewe ulipokuwa na miaka minne, baba alikushika mikono. Jana watu wote walisimama wakingoja, hakuna aliyetaka kuuliza. Mama alichukua jembe akampa Margwe.

Margwe alilikataa. Alirudi nyuma kabisa, akasema, "Mama, hapana. Hili ni la Renatus."

Mama akamwekea mkononi. Akamwambia, "Renatus ameshachimba. Piga wewe."

Akapiga.

Dada yako,
Fabiola